Mtoto wa Mkesha

Wenzenu wa darasani mnawajua kwa tarehe zao. Yupo wa Februari aliyekuja na mfuko wa pipi, mwalimu akamsimamisha mbele, darasa zima likamwimbia mpaka akaona haya. Yupo wa Agosti ambaye mama yake alileta keki chekechea, kila mmoja akaondoka na kipande cha ukubwa wa kiberiti. Sasa hesabuni tena. Wa Desemba mmemwimbia lini? Hamjamwimbia. Shule hufungwa Desemba na kufunguliwa Januari, na katikati hapo mwenzenu anaongeza mwaka kimyakimya. Mkirudi mnamkuta keshatimiza miaka kumi, wala hakuna aliyeona.

Leo nawasimulia habari za watoto hao, hasa wale wa tarehe ishirini na kitu, waliozaliwa Krismasi ikiwa mlangoni inabisha hodi. Mmoja ninaye kwa dada yangu, Manzese. Ni mpwa wangu, wa tarehe 24 Desemba, siku ya mkesha wenyewe. Jina lake sitalitaja. Kanikataza.

Kwa ambaye hajafika, Manzese iko kando ya Barabara ya Morogoro. Ukitoka mjini unapita Magomeni, na ukiipita Manzese unaingia Ubungo. Zamani ilihesabiwa Kinondoni, siku hizi iko chini ya Wilaya ya Ubungo. Mabasi ya mwendokasi yalipoanza kazi mwaka 2016 yalipita katikati yake. Ukisikia konda anaita "Argentina!" usikimbilie pasipoti, hicho ni kituo tu, jirani na Tip Top na Darajani. Nyumba nyingi ni za kupanga: ukumbi mrefu katikati, vyumba huku na huku, uani kuna bomba, choo na majiko ya mkaa yamepangwa ukutani. Chumba cha kwanza wanakaa Waislamu, cha pili Wakristo, cha tatu kijana wa mitumba anayelala mchana. Pilau ikiiva kwa mmoja, harufu haiulizi dini ya mtu.

Desemba ya huko unaisikia kabla hujaiona. Wauza mitumba wanatoa spika nje, na kila mmoja anataka ya kwake isikike kuliko ya jirani. Fundi cherehani amezungukwa na vitambaa hadi magotini, kila kimoja kina kikaratasi cha jina kilichobanwa na pini, na kila anayeuliza anajibiwa "njoo kesho." Kuna miwani ya jua ya plastiki ya watoto na saa za mkononi ambazo mishale yake haitembei. Maembe yamejaa matoroli. Ile miti ambayo wengi huiita mikrismasi imewaka maua mekundu kama imeambiwa tarehe. Joto ndilo usiseme, nguo mpya yenyewe ukiivaa saa nne asubuhi, saa sita imelowa mgongoni.

Halafu watu wanaondoka. Ndugu zetu wa Kilimanjaro ndio wanaojulikana zaidi kwa hili: Krismasi lazima wakaile Moshi, Rombo, Marangu, Machame. Stendi ya mikoani iliyohamia Mbezi Luis mwaka 2021 inafurika, mabasi ya ziada yanatafutwa, na tangu treni ya abiria ya kwenda Moshi iliporudi Desemba 2019 baada ya kulala zaidi ya miaka ishirini, wapo wanaopanda hiyo na mabegi na mifuko ya mchele. Kufikia tarehe 23, Dar es Salaam inapumua. Nanyi mnaona tatizo la mpwa wangu: rafiki yake wa chumba cha pili yuko Rombo, wa nyumba ya pili yuko Tanga kwa bibi yake, na waliobaki wanapelekwa Kariakoo kujaribishwa viatu. Ukitaka kuwaalika, unamwalika nani?

Watoto wa Desemba hudhani wamesahaulika. Mimi nakaa upande wa wakubwa, nawaambia siri: wamepigiwa hesabu. Akina mama wengi wa mtaani wamo kwenye vikoba. Mwaka mzima wanakutana kila wiki, wananunua hisa, pesa zinaingia katika sanduku la chuma lenye kufuli tatu, na funguo tatu zinakaa kwa watu watatu tofauti ili asiwepo wa kulifungua peke yake usiku. Desemba wanavunja, yaani wanagawana. Siku hiyo uani kuna vicheko. Lakini pesa ile inafika mkononi ikiwa imeshapangiwa kazi yote. Mchele, kuku ambaye bei yake imepanda wiki hii hii, nguo za sikukuu, nauli ya kwenda kwa wazazi, chochote cha kumpelekea bibi. Na nyuma ya hayo yote amesimama Januari. Shule za msingi za serikali hazina ada, ni kweli, ila sare, viatu, begi na madaftari hununuliwa, na mwenye nyumba naye anaweza kuikumbuka kodi yake ya miezi sita katika wiki hiyo hiyo. Ndipo mtu mzima mmoja, bila ubaya wowote, anasema: "Si tuunganishe tu?"

Mwaka mmoja niliona kuunganisha kunavyofanana. Dada yangu alikuwa ameagiza keki kwa mama mmoja anayeoka nyumbani kwa oda. Ikaja ndani ya boksi, ya duara, krimu nyeupe, pembeni vinyota vya krimu nyekundu vimezunguka vizuri kabisa. Katikati, kwa herufi kubwa: KRISMASI NJEMA. Chini yake, jina la mtoto. Mwokaji alikuwa amezipa herufi za Krismasi nafasi yote, kwa hiyo jina lilianza kwa kujibana, likaendelea kwa kujikunja, na herufi ya mwisho ikaishiwa mahali, ikateremka ubavuni mwa keki ikaning'inia pale. Mpwa wangu aliitazama muda mrefu. Kisha akanyoosha kidole, akaikomba ile herufi ya mwisho, akailamba.

"Anko, nimeanza na mimi," akasema, "kabla wageni hawajanila."

Keki ilikatwa tarehe 25 baada ya chakula cha mchana, watu wakiwa wameshiba pilau hadi shingoni. Wimbo uliimbwa mara moja, haraka, maana wengine walikuwa wanataka kuwahi Coco Beach. Zawadi ilikuwa gauni jekundu, na gauni lenyewe ndilo lilikuwa pia nguo yake ya Krismasi. Kaka yake wa Mei alipata shati la Krismasi, na Mei alikuwa amepata mpira. Mtoto wa miaka tisa hahitaji kalamu kufanya hesabu hiyo.

Kitu kimoja tu hakuna aliyekichelewesha: maji.

Mnaokaa Dar mnajua. Siku yako ya kuzaliwa ukiamka, usikae mahali penye kona. Maji ya kumwagiwa yanakuja kutoka nyuma, kwa ndoo, kwa beseni, kwa jagi la plastiki, na anayekumwagia ni yule yule aliyekuambia asubuhi "njoo nikutume dukani." Wapo wanaoongeza unga wa ngano na mayai, mimi naona mayai ni ufujaji, yangekaangwa. Manzese maji yenyewe mara nyingi ni ya kununua kwa dumu, kwa hiyo mtu akikumwagia ndoo nzima ya maji safi, jua amekuthamini kwa fedha. Tarehe 24 ile, saa mbili asubuhi, mpwa wangu alitumwa uani kuchukua ungo. Nyuma ya mlango walikuwa wamejipanga wapangaji watatu. Mama wa Kiislamu wa chumba cha kwanza, ambaye Krismasi haimhusu na kwa hiyo kichwa chake hakikuwa na kuku wala nauli, ndiye aliyeikumbuka tarehe na kununua dumu zima. Mtoto alipiga kelele mpaka kijana wa mitumba akaamka. Nikimuuliza leo alichokula kwenye sikukuu ile hakumbuki. Maji yale anayasimulia hadi joto lake: yalikuwa ya baridi, yamelala nje.

Msidhani mambo haya ya keki na tarehe yalikuwapo tangu zamani. Bibi zenu na babu zenu wengi wakiulizwa walizaliwa lini watawajibu kwa jambo lililotokea: mwaka wa njaa, wakati wa nzige, mwaka wa mafuriko, mama akiwa shambani. Siku iliingia ndani ya jina, mtu akaibeba maisha yote bila kuhitaji mshumaa. Ndiyo maana mna akina Juma na akina Hamisi, akina Ramadhani na Shabani, akina Masika na Mvua, akina Idi na Sikukuu. Na wa Krismasi wapo: akina Noeli, Noela, Emanueli. Mwalimu Nyerere mwenyewe alizaliwa Butiama tarehe 13 Aprili 1922, na kwa vile mvua ilikuwa inanyesha, wakampa jina la Kambarage, ambaye kwa Wazanaki ni mzimu wa mvua. Baba yake naye aliitwa Nyerere kwa kuwa alizaliwa wakati viwavi wamevamia mashamba. Fikirini: Rais wa kwanza wa Tanzania alikuwa na jina la mvua mbele na la viwavi nyuma, na majina yote mawili ni tarehe.

Bibi yake mpwa wangu, mama yangu mimi, ni wa watu hao. Anajua alizaliwa msimu wa kuvuna mpunga. Alipokwenda kuandikishwa kitambulisho, karani alimuuliza siku, akasema haijui. Akauliza mwezi, akasema mpunga. Karani akaandika 1 Julai. Kumbukeni hiyo 1 Julai, tutaihitaji mbele.

Na mwenye Krismasi je? Tarehe yake imeandikwa wapi? Mtashangaa: katika Biblia haimo. Luka anataja hori, anataja wachungaji waliokesha na kundi lao, anataja hata hesabu ya watu aliyoiamuru Kaisari, tarehe hataji. Hiyo 25 Desemba tunaikuta katika kalenda iliyotengenezwa Roma mwaka 354, na orodha yake inaturudisha hadi mwaka 336, yaani miaka mia tatu na zaidi baada ya tukio. Wakristo wa Ethiopia huiadhimisha kwa kalenda yao, nayo kwetu huangukia 7 Januari. Maulidi ya Mtume Muhammad ndiyo hayakai kabisa mahali pamoja, kwa sababu yanafuata mwezi, na mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua kwa siku kama 11. Kila mwaka yanarudi nyuma kidogo, yanazunguka majira yote. Mwaka 2015 yakafika mpaka mkesha wa Krismasi. Nyumba kama ile ya dada yangu mwaka huo zilikuwa na kila sababu ya kula pilau siku mbili mfululizo. Kwa hiyo kama hata sikukuu kubwa namna hii watu walikaa wakazipangia siku, kuna ubaya gani mtoto naye akiuliza habari ya siku yake?

Swali hilo liliulizwa zamani, mbali sana na Manzese, na jibu lake ndilo napenda kulisimulia kuliko yote.

Palikuwa na mwandishi wa Kiskoti, Robert Louis Stevenson. Babu zenu waliosoma enzi za mkoloni wanamjua bila kujua kuwa wanamjua, maana ndiye aliyeandika hadithi ya maharamia iliyotafsiriwa kwa Kiswahili kwa jina la *Kisiwa chenye Hazina*. Alikuwa mgonjwa wa kifua tangu utoto, baridi ya kwao ikimwonea, hivyo akahamia Samoa, visiwa vya Bahari ya Pasifiki vyenye minazi na joto kama letu. Huko alifahamiana na Mmarekani mmoja mwanasheria, Henry Ide, aliyepelekwa kuamua kesi za ardhi. Ide alikuwa na binti anayeitwa Annie, na Annie alizaliwa tarehe 25 Desemba yenyewe. Si mkesha, si siku ya pili yake. Malalamiko yake mnayajua, ni yale yale ya Manzese: zawadi moja, karamu moja, na siku yenyewe ni ya mwingine.

Stevenson aliposikia hakumpa pole. Alikuwa amesomea sheria ujanani, akakaa chini tarehe 19 Juni 1891 akaandika hati, hati ya kisheria kabisa yenye maneno mazito ya mahakamani, na mashahidi wakatia sahihi. Humo alieleza kwamba yeye alizaliwa 13 Novemba, kwamba kwa umri aliofikia siku hiyo haina tena kazi kwake, na kwamba anamhamishia Annie Ide haki zote za tarehe hiyo, kuanzia sasa iwe ya Annie. Kama mtu anavyohamisha kiwanja. Akaweka na masharti. Annie aongeze jina la Louisa katika majina yake. Na siku ile aitumie ipasavyo: avae vizuri, ale vizuri, apokee zawadi. Asipoitunza, haki inamtoka, na tarehe inakwenda kwa Rais wa Marekani, yeyote atakayekuwepo.

Stevenson hakuishi sana baada ya hapo. Alifariki Samoa mwaka 1894, Desemba hiyo hiyo, akiwa na miaka 44. Hati yake ilibaki, imechapishwa mara nyingi, na watu wakubwa wanaisoma wakicheka. Mimi naiona kuwa kazi ya mtu aliyemsikiliza mtoto mpaka mwisho, jambo ambalo wakubwa tunalifanya kwa nadra, hasa Desemba.

Kabla sijaendelea, wa Desemba wasije wakaona wamezaliwa na nuksi. Vukeni jiji mpaka Temeke, nendeni Mbagala. Mbwana Samatta amekulia huko, na tarehe yake ni 23 Desemba 1992. Januari 2016 alitangazwa mchezaji bora wa Afrika kwa wanaocheza ndani ya bara, na Februari 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kufunga bao katika Ligi Kuu ya Uingereza, akiwa na Aston Villa. Tena tarehe 23 Desemba 2025 Taifa Stars ilishuka uwanjani Fez, Morocco, kucheza na Nigeria katika Kombe la Mataifa ya Afrika. Nchi nzima ilikuwa mbele ya televisheni siku ya kuzaliwa ya mtu mmoja wa Mbagala. Hiyo nayo ni sherehe, hata kama keki haikuonekana.

Sasa, mpwa wangu nilimsimulia habari za Annie Ide tukiwa uani, yeye anamenya viazi. Aliacha kumenya. Akauliza kama sheria ile inafanya kazi na Tanzania. Nikamjibu kuwa sijaona mahali ilipokatazwa. Basi akaanza kuzunguka nyumba nzima akitafuta wa kumhamishia tarehe.

Alianza na mama yake, ambaye ni wa Julai, siku ya Sabasaba yenyewe. Tarehe nzuri, siku ya mapumziko, na maonyesho yapo pale Barabara ya Kilwa. Dada yangu akasema ile haitoki, ameipigania. Akaja kwangu. Mimi ni wa Aprili, nikasema chukua, sina kazi nayo. Akafikiri kidogo.

"Aprili si ndiyo masika, Anko?"

"Ndiyo."

"Na Jangwani si inajaa maji, mwendokasi inasimama?"

"Mara nyingine."

"Wageni watapitia wapi?" Akanirudishia tarehe yangu.

Bibi yake alikuwa ameketi kwenye mkeka anachambua mchele, anasikiliza. Akasema, "Mjukuu wangu, mimi ninayo moja kwenye kitambulisho, sijaitumia hata siku moja. Mpya kabisa. Chukua." Na alimaanisha. Ile 1 Julai ya karani. Mtoto akafurahi, akambusu bibi, akakimbia kwenda kuwatangazia wapangaji. Akarudi taratibu. Mama wa chumba cha kwanza alikuwa amemwambia kwamba mama mkwe wake naye ni wa 1 Julai. Muuza mkaa pia. Mzee wa duka la kona pia. Makarani walikuwa wamewapa wazee wasiojua tarehe zao siku hiyo hiyo moja. Kumbe ametoka kugawana na mmoja anakwenda kugawana na mtaa mzima.

Akaamua kubaki na 24 Desemba yake, lakini kwa hati. Akachana karatasi katikati ya daftari la Hisabati, akaandika kwa kalamu nyekundu. Sharti la kwanza: keki iandikwe jina langu tu, na herufi zote zikae juu. La pili: ikatwe tarehe 24 kabla watu hawajaenda kanisani kwenye mkesha, hata kama ni ndogo, hata kama ni andazi. La tatu: nguo ya Krismasi si zawadi, kwa sababu kaka naye anapewa. La nne: maji yaendelee kama kawaida, ila mayai hapana. La tano: nikifungua shule Januari, mtu mzima mmoja aje na pipi anisemee kwa mwalimu. Mtu atakayevunja hata sharti moja atanunua madumu mawili ya maji na kumwagiwa yeye.

Bibi alitia sahihi wa kwanza, kwa dole gumba, kwa wino wa ile kalamu nyekundu. Mama wa chumba cha kwanza akawa shahidi. Mimi nikasaini, sharti la tano likaniangukia. Dada yangu aliishika ile karatasi akaisoma mara mbili, akaomba apewe hadi jioni afikirie sharti la kwanza, maana mwokaji wake huwa anapandisha bei kuanzia tarehe 20, na alitaka kwanza kujua kama mtoto alikuwa anasema kweli kuhusu andazi.